Injini ya Gari la Mikate

Nilisahau kumwaga maji.
Hilo niliseme kwanza, kabla ya spana na bolti.
Wiki ile tuliyomzika baba, Novemba,
baridi ya Saskatchewan ilishuka usiku mmoja
hadi thelathini chini ya sifuri.
Maji yakalala ndani ya injini ya pikapu yake,
yakawa barafu, barafu ikatanuka,
na chuma cha mwaka hamsini na tatu kikapasuka
ubavuni, ufa mwembamba kama unywele.
Hakuna aliyesikia. Tulikuwa ukumbi wa kanisa,
tumekaa matanga, tukipokezana sahani za kabeji.

Ufa huu hauzibiki, alisema Leland Quist.
Basi tukajenga ukuta.

Tuliipata Moose Jaw, nyuma ya kiwanda kilichofungwa:
dizeli, silinda nne, imebeba mikate miaka ishirini,
alfajiri kwa alfajiri, duka kwa duka,
kisha ikaachwa magugani pamoja na gari lake.
Muuzaji hakutaka bei, alitaka nafasi.
Leland akaigonga kwa kifundo cha kidole
kama mtu anayechagua tikiti maji.
"Haijachoka hii. Imechoshwa na kusimama."

Kilo mia tatu na arobaini!
Winchi ililia, boriti la ghala likaitikia.
Tuliishusha, ikakataa, tukaipandisha.
Mara saba.
Rejeta inataka mbele, giaboksi inataka nyuma,
chujio cha mafuta kinataka palepale penye usukani,
na springi za mbele zikainama kama ng'ombe anayekunywa.
Dada yangu Verna alisimama mlangoni, kofia ya manyoya kichwani:
"Hiyo si pikapu ya baba tena."
Sikumjibu. Nilikuwa na nati mdomoni.

Kwenye bati linalotenga injini na miguu ya dereva
baba aliandika kwa penseli ya seremala,
kwa herufi za mama yake, za Kiukreni,
kila alipobadilisha oili:
Mei tatu, mvua.
Agosti kumi, mvua ya mawe, ngano imelala.
Septemba mosi, Verna kajifungua, mvulana.
Miaka thelathini na saba ya mwandiko mdogo,
na hapo hasa,
hapo hapo,
kichwa cha injini kikadai nafasi ya upana wa kiganja.

Leland akazima moto wa kukatia. "Mimi siwezi."
Nikavaa barakoa yake, bado ina jasho lake.
Nilikata Mei. Nilikata mvua ya mawe.
Nikamkata Verna na mwanawe.
Bati likaanguka sakafuni, likalia kama sahani,
na kupitia tundu nikaona kiti chake,
kimebonyea upande mmoja.

Dizeli penye baridi hula betri mbili.
Kipande kile nilikikunja kingo,
nikakichomelea ndani ya boneti,
kikawa kitako cha betri ya pili.
Atakaye kukisoma sharti ainue betri.
Kuna siku Verna aliinua, peke yake;
niliona alama za glavu zake vumbini.

Iliwaka Aprili, jaribio la tisa,
ikakohoa moshi mweupe, kisha mweusi, kisha ukaisha.
Si mlio ule. Ule ulikuwa mnong'ono;
huu unatwanga, mchi na kinu, mchi na kinu,
kioo kinatikisika hata barabara iliyo nyuma
haisomeki.
Mama akanusa hewa, uso ukamshuka:
"Nilidhani itanukia mkate."

Oktoba, kabla ya barafu, nilitia dawa isiyoganda,
lita kumi na moja, nikizihesabu kwa sauti.
Nikachukua penseli. Kwenye bati lililobaki:
Oktoba tisa. Maji hayatalala humu. Upepo.
Mwandiko wangu mkubwa, ukapanda juu ya wake.
Verna akaninyang'anya penseli,
akakata neno upepo,
akaandika mvua.

Alikuwa sahihi.
Sikuwa nimetoka ghalani tangu asubuhi.